Kuuona Mfupa Ukiwa Hai

Karibu yote ambayo wanadamu walijua juu ya mfupa kwa karne nyingi waliambiwa na wafu. Mwaka 1536 Andreas Vesalius, kijana aliyekuwa akisomea utabibu, alitoka nje ya mji wa Louvain mpaka mahali walipoachwa wahalifu walionyongwa. Akamkuta mmoja ambaye ndege walikwisha kumla nyama, akaing'oa mifupa yake na kuiingiza mjini kwa siri, vipande kwa vipande. Kitabu chake kilichopigwa chapa Basel mwaka 1543 kina michoro ya mifupa ambayo hata leo humfanya mtu anyamaze. Viunzi vimesimama wima mashambani, kimoja kimeegemea kaburi na mkono wake umelishika fuvu. Sijaona kazi nyingi za sayansi zenye uzuri wa namna hiyo. Hata hivyo mfupa wa Vesalius ni mkavu. Unaonyesha umbo ambalo mwili uliishia nalo, na hauna la kusema juu ya siku umbo hilo lilipokuwa likifanyika.

Naamini urithi huo bado umo vichwani mwetu. Tukitaja mfupa, tunafikiria kitu kigumu kinachobaki mtu akishaondoka. Shuleni tulichorewa kiunzi ubaoni, tukakariri majina, tukafanya mtihani. Hatukuambiwa kwamba mfupa ulio ndani ya mkono ulioshika kalamu ile ulikuwa ukibomolewa na kujengwa upya saa ileile, na kwamba kwa mtu mzima karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa yote hubadilishwa kila mwaka. Kuna seli zinazokula mfupa na seli zinazoutandika, na afya ya mgongo wa bibi na ya mguu wa mjukuu hutegemea maelewano ya makundi hayo mawili.

Dalili ya uhai huo iliwahi kuonekana mezani, kwenye chakula. John Belchier, daktari wa upasuaji wa London, alialikwa kula nyumbani kwa mtia rangi vitambaa, akashangaa kuona mifupa ya nyama ya nguruwe iliyoandaliwa ni myekundu. Mwenyeji alikuwa akiwalisha nguruwe wake pumba zilizokwisha kutumika katika kazi yake, zenye rangi ya mizizi ya mmea wa rubia. Belchier aliandika habari hiyo mwaka 1736. Mfaransa Duhamel du Monceau akaiendeleza: aliwalisha wanyama rubia kwa muda, akaacha, akawalisha tena, na alipoikata mifupa yao akakuta tabaka jekundu, tabaka jeupe, tabaka jekundu. Mfupa ulikuwa umeweka kumbukumbu ya milo yake. Kwa mara nyingine, lakini, aliyesoma kumbukumbu hiyo alilazimika kwanza kumchinja mnyama.

Hapo ndipo elimu ilipokwama kwa muda mrefu. Mtoto wa binadamu huumbiwa mifupa gizani, tumboni mwa mama. Panya wa maabara naye hali kadhalika. Eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, ilituwezesha kuuona mfupa ndani ya mtu aliye hai, na hilo ni jambo kubwa lisilopaswa kupunguzwa. Lakini kinachoonekana pale ni kivuli cha madini yaliyokwisha kuganda. Seli iliyoyaweka haionekani, wala jeni iliyoiamuru.

Kiumbe aliyeufungua mlango huo ni samaki mdogo wa mito na mashamba ya mpunga ya Asia ya Kusini, India, Bangladesh na Nepal. Urefu wake ni sentimita tatu au nne, na ubavuni ana mistari ya buluu iliyokoza inayokwenda kutoka kichwani mpaka mkiani, ndiyo maana anaitwa samaki pundamilia. Francis Hamilton, daktari wa Uskoti aliyefanya kazi Bengal, alimweka katika kitabu chake cha samaki wa mto Ganges mwaka 1822. Jina lake la kisayansi leo ni Danio rerio. Msomaji wa Mwanza au Kisumu ana sababu ya kumtazama kwa jicho la undugu: dagaa wa Ziwa Victoria, yule anayeitwa omena upande wa Kenya na mukene Uganda, yumo katika jamii hiyohiyo ya Danionidae. Tunapomtafuna dagaa mzima, kichwa na miiba, kwa sababu tuliambiwa ana madini ya kuimarisha mifupa, tunatafuna mifupa ya binamu wa samaki ninayemzungumzia.

Aliyempeleka maabara alikuwa George Streisinger, mzaliwa wa Budapest ambaye familia yake iliikimbia Ulaya ya Wanazi. Alikuwa amejijengea heshima kwa utafiti wa virusi vinavyoshambulia bakteria, kisha akiwa Chuo Kikuu cha Oregon, mjini Eugene, akataka kujua jeni zinavyomjenga mnyama mwenye uti wa mgongo. Alikuwa mpenzi wa samaki wa kufugwa, na samaki wa aina hii waliuzwa madukani kwa bei ndogo. Mwaka 1981 alichapisha katika jarida la Nature njia ya kupata samaki wengi wenye jeni zinazofanana kabisa. Alifariki mwaka 1984, kabla hajaona kazi yake ikienea duniani. Nikimfikiria, kinachonigusa zaidi ni uamuzi wa kuanza upya. Mtu aliyekwisha kutambuliwa katika fani moja alikaa miaka karibu kumi akijifunza kufuga samaki, bila kuwa na hakika kwamba kuna mtu atakayemfuata.

Samaki jike hutaga alfajiri, mwanga wa kwanza unapoingia, hivyo taa za chumba cha samaki huwashwa kwa saa maalumu ili kuwe na alfajiri. Mayai yanaweza kuwa mia na zaidi kwa mara moja. Hurutubishwa nje ya mwili, ndani ya maji, na ganda lake linapitisha mwanga. Maji yakiwa na joto la nyuzi 28.5, yai hugawanyika mara ya kwanza baada ya dakika kama arobaini na tano, kisha kila robo saa kwa kipindi cha mwanzo. Kesho yake saa kama ileile moyo unapiga. Siku ya tatu kifaranga ametoka kwenye ganda, gegedu za taya zimekwisha kujipanga, na mifupa ya kwanza imeanza kuonekana: ule wa bega unaoshikilia pezi, na ule wa kifuniko cha mashavu. Yote haya hutokea mbele ya jicho, katika mwili unaopitisha mwanga, na kiumbe mwenyewe anaendelea kuishi.

Watafiti huipaka rangi mifupa hiyo. Gegedu hupewa rangi ya buluu, na mfupa hupewa nyekundu iitwayo alizarini. Alizarini ndiyo rangi iliyomo ndani ya mizizi ya rubia, ileile iliyowapata nguruwe wa mtia rangi wa London. Tofauti ni kwamba tangu mwaka 1868 wanakemia wanaitengeneza bila mmea. Ikiwekwa kidogo ndani ya maji, kifaranga anaweza kuinywa na kuendelea kuogelea, na mfupa wake mpya ukang'aa chini ya hadubini. Leo wapo pia samaki ambao seli zao zinazotandika mfupa zimeunganishwa na protini ya kijani inayong'aa, protini iliyotoka kwa kiwavi wa baharini. Mtafiti anaweza kumlaza samaki kwa dawa ya usingizi, akamtazama, akazihesabu seli zilizojipanga ukingoni mwa mfupa, akamrudisha majini, na kesho akamtazama tena samaki yuleyule. Duhamel angetoa nini kwa ajili ya asubuhi moja ya namna hiyo?

Kuona peke yake hakutoshi, lazima kitu kiharibike ili kijulikane kilikuwa kikifanya kazi gani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Christiane Nüsslein-Volhard na wenzake katika mji wa Tübingen, Ujerumani, waliwatia samaki dume kemikali inayobadilisha herufi za jeni ovyo ovyo, wakawazalisha kwa vizazi kadhaa, wakachungulia vifaranga mmoja mmoja kutafuta walioumbika tofauti. Kundi la Wolfgang Driever huko Boston lilifanya kazi ya aina hiyo. Desemba 1996 jarida la Development lilitoa toleo zima kwa ajili yao, makala 37 kwa pamoja. Tübingen peke yao walikuwa wamekusanya samaki wenye hitilafu zaidi ya 4,000. Waliwapa majina kwa sura zao. Aliyekuwa na mapezi mafupi walimwita dackel, jina la mbwa wa Kijerumani mwenye miguu mifupi. Aliyekosa gegedu zilizokaa vyema walimwita jellyfish, yaani kiwavi wa baharini. Miaka ilipopita jeni zilizoharibika zikatambuliwa moja moja, na kila mara swali likawa lilelile: je, kuna mtoto wa binadamu ambaye jeni hii imeharibika kwake? Mara nyingi jibu lilikuwa ndiyo. Jeni ya dackel kwa binadamu ikiharibika, vinundu vya mfupa huota karibu na maungio tangu utotoni. Jeni ya jellyfish ikiharibika, mtoto huzaliwa na mifupa ya miguu iliyopinda na kifua kisichotosha mapafu, na wengi hawapiti mwaka wa kwanza.

Kati ya visa hivyo kipo kimoja ambacho kila mama anayegusa utosi wa mtoto wake angekielewa. Mtoto huzaliwa na mahali palipo laini juu ya kichwa, mahali panapodunda, na kila bibi anajua kwamba panapaswa kufunga kadiri miezi inavyokwenda. Katika familia moja kubwa ya asili ya Kibedui nchini Saudi Arabia, iliyooana ndugu kwa ndugu, walikuwapo watoto ambao utosi wao ulichelewa mno kufunga, nyuso zao zikaumbika tofauti na macho yao yakapata mtoto wa jicho. Upande mwingine wa dunia, kundi la Ela Knapik lilikuwa likimchunguza samaki aliyeitwa crusher, ambaye kichwa chake kiliumbika vibaya. Mwaka 2006 makala mbili zilitoka katika toleo moja la jarida la Nature Genetics, moja ya samaki na nyingine ya ile familia, na jeni iliyotajwa ilikuwa moja: sec23a.

Kazi ya jeni hiyo ni ya uchukuzi. Seli ya gegedu hutengeneza kolajeni ndani yake, kisha lazima iifungashe na kuitoa nje, kwa sababu kolajeni hufanya kazi yake nje ya seli. Sec23a ni sehemu ya gamba linalounda vifuko vya kubebea mzigo huo. Ikikosekana, kolajeni hutengenezwa kama kawaida lakini haitoki. Seli huvimba kwa mali yake yenyewe, na nje, mahali ambapo kichwa kinasubiri kujengwa, panabaki pakavu. Kumwangalia mtoto yule kwa eksirei kungeonyesha pengo tu. Samaki alionyesha kwamba mali ya kuliziba ilikuwapo, hatua chache kutoka pale ilipohitajika, imefungiwa.

Nimekaa muda mrefu na kisa hicho kwa sababu kinanielekeza kwenye jambo ambalo, kwangu, ndilo zito kuliko yote katika kazi hii, nalo ni lawama. Mtoto akiwa na hitilafu ya mifupa, mtu hutafutwa. Mama alikula nini, alivunja mwiko gani, alibeba nini akiwa mjamzito, nani katika ukoo ana deni na nani. Hizo ni lawama za kwetu, tunazifahamu. Za wenzetu wa Ulaya na Marekani zina sura ya kiofisi, lakini uchungu wake haupungui. Mtoto mwenye ugonjwa wa mifupa inayovunjika kwa urahisi hupelekwa hospitali mkono umevunjika, mara nyingine mguu, mara nyingine mbavu zilizovunjika na kujiunga zenyewe bila mtu kujua. Daktari akiitazama picha ya eksirei anaona mtoto aliyepigwa. Imeandikwa mara nyingi habari za wazazi walioshtakiwa, na wengine walionyang'anywa watoto, kabla ugonjwa haujatambuliwa.

Ugonjwa huo huwapata watoto kama mmoja kati ya 15,000 au 20,000 wanaozaliwa, na kwa wengi wao chanzo ni kolajeni ya aina ya kwanza. Protini hii ni kamba iliyosokotwa kwa nyuzi tatu. Katika kila uzi, kila kipande cha tatu kinapaswa kuwa asidi amino iitwayo glaisini, ndogo kuliko zote, kwa sababu ndiyo pekee inayoenea katikati pale nyuzi zinapokutana. Herufi moja ya jeni ikibadilika na mahali pa glaisini pakakaa kitu kinene zaidi, msokoto hukwama hapo. Mwaka 2003 Shannon Fisher na wenzake walichapisha kazi ya kuwapiga samaki wazima picha za eksirei, na mmoja wao, chihuahua, aliyekuwa mfupi na mwenye umbo lisilo la kawaida, akakutwa na kosa la namna hiyohiyo katika jeni ya kolajeni. Mbavu zake zilikuwa na mavunjiko, mengine yamekwisha kujiunga.

Samaki yule hakupigwa na mtu. Aliishi ndani ya maji yaliyotulia, akilishwa na wafanyakazi wenye uangalifu, na mbavu zake zikavunjika. Sijui kama kuna ushahidi ambao mzazi aliyeshtakiwa angetamani zaidi kuuweka mbele ya hakimu.

Miaka kadhaa baadaye, watafiti wa Pavia, Italia, walimjaribu chihuahua kwa dawa inayosaidia protini zilizojikunja vibaya ndani ya seli, na mwaka 2017 wakaeleza kwamba mifupa ya samaki hao iliimarika. Sitaki kumpa mtu matumaini kabla ya wakati wake, maana kutoka samaki mpaka kidonge cha mtoto kuna safari ndefu yenye vituo vingi. Hata hivyo mwelekeo wa fikra umebadilika: kwa wagonjwa wa aina hii, shida inatafutwa mfupani na pia ndani ya seli inayoutengeneza, ambayo nayo inataabika kwa kubeba kolajeni mbovu.

Lawama ya pili ni ya mgongo. Asilimia kama tatu ya watoto duniani hupata skoliosisi, uti wa mgongo unaopinda kwenda ubavuni na kujizungusha, na kwa wengi wao hupinda katika miaka ya kubalehe bila chanzo kinachojulikana. Wasichana ndio ambao mgongo wao huendelea kupinda vibaya zaidi. Waulize waliokua nao, watakuambia walichoambiwa: unakaa vibaya, unabeba mkoba upande mmoja, huna adabu ya mwili. Msichana wa miaka 13 hujifunza kuvaa nguo pana na kujilaumu. Wataalamu nao walikuwa na maelezo yao, kwamba mwanadamu analipia gharama ya kusimama kwa miguu miwili, na panya wa maabara, anayetembea kwa minne, hakuwa msaada mkubwa maana mgongo wake haupindi hivyo kwa urahisi.

Samaki hasimami, lakini mgongo wake hupinda. Kundi la Brian Ciruna katika hospitali ya watoto ya Toronto lilikuwa na samaki waliokosa jeni ya ptk7. Walianguliwa wakiwa wamenyooka na pingili zao ziliumbika sawasawa, kisha walipokuwa wakikua uti ukaanza kujipinda kama wa wale wasichana. Mwaka 2016, pamoja na kundi la Rebecca Burdine la Princeton, walichapisha katika jarida la Science jambo ambalo naona lilistahili kusomwa katika kila darasa la sayansi. Hitilafu haikuwa mfupani. Ndani ya ubongo na uti wa mgongo mna maji, na vyumba vya maji hayo vimezungushiwa seli zenye vijinywele vinavyopiga bila kuchoka, vikiyasukuma. Kwa samaki hawa vijinywele vilikuwa vichache na vibovu, na maji hayakwenda vyema. Watafiti walipoirudisha ptk7 katika seli zenye vijinywele peke yake, uti ukabaki umenyooka. Wakatumia samaki wengine ambao vijinywele vyao husimama joto la maji likipandishwa na kuamka likishushwa, wakagundua kwamba kuna kipindi maalumu cha ukuaji ambapo mwendo huo unahitajika. Na walipoviamsha vijinywele baada ya mgongo kuanza kupinda, upindaji ulisimama pale ulipofikia.

Uzi mwingine uliongezwa mwaka 2018. Katikati ya mfereji wa uti wa mgongo unapita uzi mwembamba wa protini ulioelezwa kwa mara ya kwanza na Ernst Reissner mwaka 1860, ukakaa zaidi ya karne moja na nusu watu wakibishana kazi yake. Kundi la Claire Wyart la Paris lilionyesha kwamba vifaranga wasio na uzi huo hawanyooki. Kuna mazungumzo basi kati ya maji yanayotiririka, uzi uliomo ndani yake, neva zinazouhisi na misuli inayouvuta mwili, na mfupa hufuata umbo linaloamuliwa na mazungumzo hayo.

Binadamu si samaki, na hapa ndipo uangalifu unapotakiwa. Kiungo kinachousokota uzi wa Reissner hunawiri kwetu tukiwa bado tumboni kisha hunywea, kwa hiyo kilichothibitika kwa samaki hakiwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa msichana wa miaka 13. Zipo tofauti nyingine. Samaki hana uboho unaozalisha damu, kazi hiyo hufanywa na figo zake. Uzito wa mwili wake hubebwa na maji. Wahenga wake walipata nakala mbili za jeni zao zote, hivyo mara nyingi jeni moja ya kwetu kwake ni mbili zilizogawana kazi. Jenomu yake ilipochapishwa kwa ukamilifu mwaka 2013, ilionekana kwamba karibu asilimia 70 ya jeni zetu zina angalau mwenzake mmoja kwa samaki huyu, na kwa jeni zinazohusishwa na magonjwa ni asilimia 82. Ni undugu mkubwa kuliko wengi walivyotarajia. Asilimia zilizobaki nazo zina watoto wake wanaougua.

Kuna deni pia kwa samaki wenyewe. Kazi hii inawaua kwa wingi. Nchi zenye sheria za utafiti wa wanyama hutaka walazwe usingizi kabla ya jambo lenye maumivu, na hutaka mtafiti aeleze kwa nini anahitaji idadi anayoitaka, na naona ni haki iwe hivyo. Mfano mmoja wa deni hilo ni pezi: ukimkata samaki huyu sehemu ya pezi la mkia, hulirudisha, mifupa na ngozi na mishipa, kwa wiki mbili tatu. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba seli za mfupa zilizo karibu na jeraha huacha ukomavu wao, hurudi katika hali changa, huzaana, kisha hukomaa upya kuwa mfupa. Hatuna uwezo huo, na tunaujua kwa sababu samaki wengi walikatwa mapezi. Mtu anayepokea elimu hiyo hapaswi kuisoma kwa haraka.

Tangu zana ya kukata jeni iitwayo CRISPR ianze kutumika kwa samaki hawa mwaka 2013, mtafiti hasubiri tena kemikali ibahatishe. Mtoto akiwa na ugonjwa wa mifupa usiojulikana, jeni zake zinasomwa, herufi inayotiliwa shaka inapatikana, na herufi hiyohiyo inaweza kubadilishwa katika yai la samaki. Marekani kuna mtandao wa magonjwa yasiyotambulika ambao umefanya hivyo, na Oregon, alikoanzia Streisinger, imewahi kuwa mmoja wa washiriki wake. Kwa wazazi waliozunguka hospitali kwa miaka, kupewa jina la ugonjwa ni kutuliwa mzigo, hata pale ambapo dawa haipo.

Kwa watoto wetu jambo hili lina uzito wa pekee. Orodha kubwa ambazo madaktari wa dunia hulinganishia jeni zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, ilhali tofauti nyingi zaidi za jeni za binadamu zimo Afrika. Matokeo yake, mtoto wa Kiafrika anaposomwa jeni, mara nyingi zaidi huambiwa amekutwa na mabadiliko ambayo maana yake haijulikani, na familia hurudi nyumbani na karatasi isiyosema kitu. Kusubiri orodha zijae ni njia moja, na lazima zijazwe. Njia nyingine ni kuyaweka mabadiliko hayo katika samaki na kutazama mfupa unavyojengeka, maana jaribio hilo halihitaji kwanza watu elfu wenye damu kama ya mtoto yule.

Vyumba vya samaki vya Tübingen na Boston hupasha maji mwaka mzima ili yafikie nyuzi 28. Dar es Salaam na Mombasa maji hukaribia joto hilo yenyewe. Kinachotakiwa zaidi ni hadubini nzuri, umeme wa pampu usiokatika, wafanyakazi wa kudumu wa kuwalisha samaki sikukuu na siku za kazi, vijana waliofundishwa kuzisoma jeni, na daktari wa watoto wa hospitali ya rufaa anayejua ampigie nani simu anapomlaza mtoto aliyevunjika mguu kwa mara ya nne na mama yake amekaa kando ya kitanda akisubiri kuulizwa.